Saa Moja na Nusu

Nilimuuliza kijana wa tiketi, kule Kariakoo,
Dar mpaka Mwanza ni saa ngapi?
Akajibu bila kuinua macho kwenye kompyuta,
"Saa moja na nusu, mzee."
Nikalipa, nikashukuru, nikaenda zangu.
Lugha yetu ina mlango mmoja kwa wageni wawili:
saa ya kuondoka na saa za kwenda
huingia kwa jina lile lile,
nami nikamkaribisha asiye wangu.

Leo nimefika Kipawa saa moja kasoro robo,
nina haraka yenye adabu,
begi begani, suti nimeikunja ndani ya shuka.
Binti wa kaunta ametazama karatasi,
akanitazama mimi, akairudia karatasi.
"Baba, ndege yako imeondoka saa kumi na mbili.
Saa moja na nusu ni muda wa angani.
Saa hizi," akageukia ukutani, "wako juu ya Kondoa huko."

Kilomita mia nane na hamsini, anasema,
kwa mstari ulionyooka,
kana kwamba hilo ni la kunipoza.
Ndege haipiti Morogoro, haishuki Dodoma kula,
haiulizwi kitu na trafiki.
Mstari ulionyooka naujua.
Naupiga kwa chaki juu ya kitambaa kila siku,
na kila siku mwili wa mtu unaukataa.

"Ipo ya saa nane mchana. Kuna faini kidogo."
Kidogo cha nani, sikuuliza.

Nimeketi kwenye kiti cha chuma, nimempigia Minza.
"Masalu anakungoja," dada yangu amesema.
"Hana pa kwenda."
Akanyamaza; nikasikia sufuria kubwa ikiburutwa uani.
"Kiuno umemkatia ngapi?"
Thelathini na sita, nikasema, kama suti ya harusi yake.
"Kaka, mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani.
Punguza."
Nipunguze ngapi?
"Punguza tu. Punguza mpaka uone umekosea."

Miaka tisa.
Kila Krismasi nilisema mwakani:
mwaka wa kodi ya fremu,
mwaka mota ya cherehani ilipoungua,
mwaka ambao sikuwa na sababu, nikasema tu mwakani.
Na wakati wote huo alikuwa hapo,
saa moja na nusu kutoka mtaani kwangu,
akipungua inchi kwa inchi
upande ambao futi yangu haifiki.

Basi nimefungua begi hapa hapa,
kati ya jamaa mwenye tairi la pikipiki lililofungwa nailoni
na mama anayenyonyesha.
Nimefumua mshono wa nyuma.
Nimekunja inchi mbili, nikaona haya,
nikakunja ya tatu.
Ndege imenguruma juu ya paa,
tangazo la kipaza sauti likazama katikati ya jina la mtu,
sindano ikasimama, ikaendelea.
Mkasi nimeuacha nyumbani, wangeuchukua.
Uzi naukata kwa meno.

Binti wa kaunta ameniletea chai
katika kikombe cha karatasi.
Ameitazama suruali, akadhani ni yangu.
"Itakutosha kweli, baba?"

Ile ya alfajiri, nimemuuliza, imeshafika?

"Mbona zamani! Watu wapo majumbani mwao."

Nimekunywa chai, ilikuwa na sukari nyingi.
Nikatia uzi mwingine kwenye sindano,
nikaanza inchi ya nne.